Manifoldi ya Noah imejaa oili nyeusi kama lami: inasafishwaje, na hiyo oili inatoka wapi?

#1 Mzee wa Foleni

Wakuu, habari za jioni. Nina Noah ya 2004, injini 1AZ-FSE, ile ya D4. Niliinunua mkononi kwa mtu hapa Dar, dashibodi ikisoma kilomita 118,000. Sasa iko 141,000. Kwa miezi mitatu imekuwa ikimisi asubuhi injini ikiwa baridi, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na ukitoka kwenye taa inasita kwanza ndipo iondoke. Nimebadili plagi zote nne, hali ni ile ile.

Jana fundi kaishusha manifoldi ya upande wa hewa, ile njia inayogawa hewa kwa kila silinda. Jamani! Ndani kuna utando mweusi mnene, ukiuchokonoa na bisibisi unanyanyuka kama lami ya saa saba mchana. Pale inapopinda chini kulikuwa na oili imetuama, kama vijiko viwili vya chakula. Matundu ya kuingilia silinda hedi yamebaki kama nusu ya upana wake.

Fundi anataka nimletee kilo ya kostiki (kostiki soda ya kutengenezea sabuni) aichemshe humo usiku kucha. Kabla sijanunua naomba kuuliza: inasafishwaje bila kuharibika? Na oili inafikaje huko, wakati hiyo ni njia ya hewa tu?

#2 Spana Kumi

Kostiki usinunue. Manifoldi yako ina sehemu ya aluminiamu? Kama ipo, kostiki inaila. Utaona inatoa mapovu mengi, na yale mapovu ni hidrojeni, gesi inayowaka. Ukiitoa asubuhi itakuwa safi kweli, lakini uso wa kukalia gasketi umekuwa na vishimo kama ndui. Ukiifunga inavuta hewa pembeni, sailensi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nimeshaletewa kazi ya namna hiyo mara mbili, na zote mbili dawa ilikuwa kutafuta manifoldi nyingine kwenye maduka ya spea Gerezani.

#3 Mchemsha Sabuni

Namuunga mkono #2, ingawa mimi si fundi wa magari. Natengeneza sabuni za miche nyumbani. Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba kostiki haiwekwi kwenye sufuria ya aluminiamu hata kwa dakika moja. Ndoo ya plastiki au chombo cha stenlesi tu. Na uvae glovu na miwani, maana tone moja jichoni ni hospitali. Mwambie fundi wako asithubutu.

#4 Kisu Butu

Mkuu usihangaike. Neno D4 lipo, basi jibu limeshapatikana. Uza hiyo, tafuta Noah yenye injini ya kawaida, isiyo D4. Kila D4 mtaani kwetu imeishia hivyo hivyo.

#5 Mwalimu wa Karakana

Kisu Butu, kuna ukweli nusu hapo, na nusu hiyo ndiyo inayowapotosha watu wengi.

Injini ya kawaida, nozeli inapuliza petroli kwenye njia ya hewa, karibu kabisa na mgongo wa vali. Petroli ile inaosha vali kila mzunguko. Kwenye D4 nozeli inapuliza ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo mgongo wa vali haupati tone la petroli la kuuosha. Mvuke wa oili ukigusa vali ya moto unaganda, unakuwa masizi magumu. Mitsubishi na Toyota walianza kuuza injini za aina hii kwenye magari ya watu wa kawaida Japani mwaka 1996, na utando wa vali umekuwa maarufu tangu hapo. Ndiyo maana mwaka 2005 Toyota wakaja na D-4S, nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja kwenye njia ya hewa.

Sasa angalia vizuri: hiyo inaeleza masizi ya *vali*. Haielezi oili iliyotuama kwenye *manifoldi*. Hata kwenye injini ya kawaida petroli haipandi kurudi juu kuosha manifoldi. Ukifungua IST yenye kilomita nyingi utakuta oili humo vilevile. Kwa hiyo swali la pili la mleta uzi bado halijajibiwa.

#6 Dereva wa Kitonga

Oili ni vali sili, zile raba zinazozuia oili isishuke kwenye vali. Nasema kwa uzoefu. Nina Premio ya petroli, natoka Iringa kwenda Dar mara mbili kwa mwezi. Nikishuka mlima Kitonga kwa gia bila kukanyaga mafuta, nikifika chini na kuanza kukanyaga, kwenye kioo naona wingu la bluu nyuma. Barabara ya tambarare hakuna moshi hata kidogo. Fundi akabadili vali sili, moshi ukaisha. Mleta uzi atafute hizo sili kwanza.

#7 Spana Kumi

Dereva wa Kitonga, kwa gari lako upo sahihi kabisa. Mguu ukitoka kwenye mafuta, kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini) kinafunga, injini inavuta kwa nguvu kwenye nafasi iliyofungwa, na oili inanyonywa kupitia miongozo ya vali. Lakini hebu fikiria njia yake. Oili ya vali sili inadondokea kwenye mgongo wa vali na kuingia silinda. Ili ifike kwenye manifoldi ingebidi ipande juu ikipingana na hewa inayoingia. Vijiko viwili vya oili havipandi hivyo.

Mleta uzi, nenda kwenye throto bodi. Ile hozi kubwa inayotoka eya klina (chujio la hewa), ichomoe. Pitisha kidole *kabla* ya kipepeo. Halafu pitisha *baada* ya kipepeo. Tuambie oili iko upande upi.

#8 Mzee wa Foleni

Nashukuru Spana Kumi, kostiki nimeikataa, na dada wa sabuni asante pia. Ni kweli, sehemu moja ni plastiki na nyingine aluminiamu.

Nimepima kama ulivyosema. Oili iko pande zote mbili. Kwenye hozi ya kutoka eya klina kuna michirizi, kidole kimetoka cheusi. Baada ya kipepeo ndiko kubaya zaidi.

#9 Mwalimu wa Karakana

Hapo tumepata la kuzungumza. Kwa wasiojua: ndani ya injini kila mara kuna gesi kidogo inayopenya pembeni ya pistoni kushuka kwenye tumbo la injini. Zamani kulikuwa na bomba tu lililoishia chini, gesi na mvuke wa oili vinatoka barabarani. Mwenye Land Rover ya kale anaijua harufu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani, California ikitangulia kwa sababu ya moshi mchafu wa Los Angeles, wakaanza kuzirudisha zile gesi ndani ya injini zichomwe. Ndipo ikaenea PCV, vali ndogo inayotoka kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) kwenda manifoldi.

Kwa hiyo kuna hozi mbili. Moja ina PCV, inaingia baada ya kipepeo. Nyingine haina kitu, inaunganisha tapeti kava na hozi ya hewa kabla ya kipepeo. Injini yenye afya inavuta hewa safi kupitia ile ya pili na kutoa gesi kupitia PCV. Ukikuta oili kabla ya kipepeo, maana yake gesi imerudi kinyume. Ama PCV imeziba, ama gesi ni nyingi kuliko uwezo wake.

#10 Mkongwe Ilala

Gesi nyingi maana yake ringi za pistoni zimekwisha. Tusizunguke. Kilomita 141,000 za dashibodi ya gari la mkononi ni hadithi, weka hata 200,000. Ovahoo, injini ifunguliwe yote.

#11 Pwani ya Likoni

Hapana bwana, usimtishe mwenzio na ovahoo mapema hivyo. Mimi niko Mombasa, nina Wish. Ilikuwa na ugonjwa huo huo, makanika akanambia ringi. Nikakataa. Nikatoa PCV, nikaitikisa sikioni. Nzuri hulia kata-kata ndani. Yangu ilikuwa kimya kama jiwe. Ukiipuliza kwa mdomo upande wa tapeti kava hewa yapita, upande wa manifoldi inakataa. Yangu ilikataa kote kote. Nilitia mpya, nikasafisha throto, mwaka wa pili huu sijaona oili kwenye hozi. Anza na kitu cha bei ya chai kabla hujauza shamba.

#12 Mkongwe Ilala

Likoni, yako ilikuwa ndogo. Huyu ana *lami*, tena nusu ya tundu imeziba. Hiyo ni kazi ya miaka.

#13 Pwani ya Likoni

Na PCV iliyoziba miaka nayo yafanya kazi hiyo hiyo ya miaka, Mkongwe wangu.

#14 Dada wa Altezza

Wakuu, hakuna aliyeuliza kiwango cha oili! Fundi wangu wa zamani alikuwa anamimina galoni yote ya lita nne bila kusoma dipstiki, eti asipoteze. Injini yangu ilikuwa inataka pungufu ya hapo. Oili ikizidi, krenki (shafti inayozunguka chini ya injini) inaipiga, inakuwa povu, povu linanyonywa kupitia hozi. Nilipoanza kusimamia mwenyewe na kuishia chini kidogo ya alama ya juu, hozi ikakauka. Mzee wa Foleni, dipstiki yako inasomaje?

#15 Mzee wa Foleni

Dada wa Altezza, umenigusa. Nimeikagua sasa hivi, iko juu ya alama kwa kama nusu kidole, na hiyo ni baada ya kilomita 2,000 tangu nibadilishe. Nilikuwa nafurahi kwamba gari langu halili oili.

#16 Mkongwe Ilala

Au limekula na bado limezidi. Hujui liliwekwa kiasi gani.

#17 Babu Sindano

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Umeweka oili gani? Watu wa Dar mmezoea kuweka 20W-50 kwenye kila kitu. Injini kama hiyo ilitengenezwa kwa oili nyepesi, na vitundu vya kurudishia oili nyuma ya ringi ni vidogo. Oili nzito ya bei rahisi ikikaa kilomita 10,000 kwenye foleni ya Ubungo, inaacha masizi kwenye vile vitundu, ringi ya oili inaganda, haikwangui tena. Hapo ringi *haijaisha*, imeshikwa tu. Ni tofauti kubwa kwa mfuko.

#18 Spana Kumi

Babu, nakubali kuhusu ringi kushikwa, nimeziona. Kuhusu 20W-50 sikubali moja kwa moja. Oili nyepesi sana nayo inatoa mvuke mwingi ikipata joto, na mvuke huo ndio unaokwenda manifoldi. Nina wateja waliotoka kwenye nyepesi kwenda nzito, hozi zikawa kavu zaidi.

#19 Babu Sindano

Zimekuwa kavu, na asubuhi tapeti zinalia. Umeondoa tatizo mlangoni ukaliingiza dirishani.

#20 Maskati 968

Salamu kutoka Oman. Mimi ni wa Unguja, nafanya kazi gereji huku, gari nyingi ni za Kijerumani zenye nozeli za ndani. Kuhusu kusafisha vali zilizoganda, hapa hatukwangui. Tunatumia maganda ya jozi yaliyosagwa, chembe kama sukari. Unafunga mashine ya kupuliza kwenye tundu la hewa, upande mwingine unanyonya na vakumu. Sharti moja kubwa: vali za silinda hiyo ziwe *zimefungwa*. Unazungusha krenki kwa mkono mpaka zifunge, ndipo unapuliza. Ganda la jozi linang'oa masizi lakini ni laini kuliko chuma, halikwaruzi. Na chembe ikiponyoka ikaingia silinda, inaungua na kutoka. Mchanga usithubutu hata kuufikiria, chembe moja ya mchanga inachora silinda.

#21 Kisu Butu

Jozi tutazipata wapi huku? Vifuu vya nazi je? Tunavyo magunia kwa magunia.

#22 Maskati 968

Vifuu vilivyosagwa vinatumika viwandani kusafishia vyuma kwa kupuliza, hilo ni kweli. Ila kwenye injini sijawahi. Inabidi visagwe sawasawa, vikauke, visiwe na nyuzi za makumbi. Nyuzi zikibaki nyuma ya vali ni balaa.

#23 Mchemsha Sabuni

Mkipata mashine ya kusaga vifuu mnijulishe, nami nahitaji unga wake kwa sabuni ya kusugulia miguu.

#24 Kiboko wa Hiace

Mmesahau dizeli. Nina Hiace ya dizeli, injini 1KD yenye tabo (pampu ya kusukuma hewa), nabeba abiria Moshi na Arusha. Kwenye dizeli adui ni EGR. Inarudisha moshi wa ekzosi kwenye manifoldi ili kupoza mwako, kupunguza gesi chafu. Moshi una masizi makavu. Hozi ya tumbo la injini inaleta mvuke wa oili. Vikikutana ndiyo hiyo lami yenyewe. Kimoja peke yake hakifanyi hivyo, masizi yangebaki vumbi na oili ingebaki utelezi. Nilipofungua yangu niliingiza kidole kidogo tu kwenye tundu la EGR.

Nikaziba EGR na kipande cha bati, tangu hapo manifoldi iko safi. Mzee wa Foleni, hiyo D4 yako nayo ina EGR. Mafundi waliokujibu wote wameruka hapo.

#25 Mwalimu wa Karakana

Kiboko, umetoa hoja nzuri kuliko sisi wote kuhusu *lami*. Kuziba sikushauri. Kazi ya EGR ni kushusha joto la mwako, ukiiondoa joto linapanda na gesi zile zinakwenda kwenye mapafu ya watu wa stendi. Na gari lenye kompyuta inayojua EGR iko wapi litawasha taa ya injini. Isafishwe, irudishwe.

#26 Kiboko wa Hiace

Nisafishe kila baada ya miezi mingapi, Mwalimu? Gari ndiyo sufuria yangu ya ugali. Siku moja gereji ni siku moja bila hesabu.

#27 Maskati 968

Kwa wenye dizeli ya tabo ongezeni hili: ukikuta oili nyingi imetuama kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo), imwage yote kabla hujawasha gari. Injini ya dizeli inaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta, ikapanda mizunguko yenyewe, na ukizima swichi isizime. Nimeiona mara moja, ilizimika kwa kuzibwa mdomo wa hewa na ubao. Mkono au tambara laini vinavutwa ndani, msijaribu.

#28 Mzee wa Foleni

Mrejesho wa wikiendi, wakuu. Nimekaa na fundi tangu asubuhi mpaka jioni, nimechafuka mpaka viwiko.

Tulianza kwa kutoa betri, tukachomoa sensa zote na kipande chenye vipepeo vidogo ndani ya njia za hewa. Vipepeo viwili vilikuwa havigeuki kabisa, vimeganda. Oili iliyotuama tukaimwaga kwenye kopo. Kisha tukaloweka manifoldi kwenye beseni la mafuta ya taa kwa saa tano, tukigeuza kila baada ya muda. Lami ya juu ililainika, ikakwanguka kwa kijiti cha mwanzi. Fundi alitaka brashi ya waya, nikakumbuka plastiki, tukatumia brashi ya kusugulia chupa za watoto. Pale kwenye kona ambapo mkono haufiki tuliingiza kamba yenye mafundo, tukaivuta huku na huku kama unasugua mtungi. Baada ya hapo sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu mara tatu, kompresa ya kukausha, halafu tukaianika juani mpaka saa kumi.

Matundu ya silinda hedi tuliyafanya moja moja, vali zikiwa zimefungwa kama Maskati alivyosema, ila kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, kijiti na tambara. Masizi ya vali yalikuwa magumu kama ukoko wa chungu. Hayakutoka yote, nikadirie robo imebaki.

EGR, Kiboko, tumeitoa. Tundu lake lilikuwa limebaki upana wa kalamu. Tumeisafisha na kuirudisha, sikuiziba.

PCV, Likoni, imelia. Lakini imelia kwa uvivu, si ile kata-kata. Nimenunua mpya.

Gasketi zote mpya, nati tukaanza kukaza za katikati kwenda nje, kidogo kidogo. Oili nimepunguza mpaka chini ya alama ya juu.

Gari ilizunguka kama sekunde kumi kabla ya kuwaka, ikatoa moshi mweupe wa mafuta ya taa, ikatulia. Sailensi imenyooka. Leo asubuhi haikumisi.

#29 Pwani ya Likoni

Hongera! Sasa ni PCV au EGR au oili kuzidi? Umebadili vyote kwa siku moja, hatutajua kamwe.

#30 Dada wa Altezza

Oili kuzidi. Naweka alama yangu hapa.

#31 Mkongwe Ilala

Ringi. Subirini.

#32 Fundi Umeme Chanika

Nimefuata uzi kimya kimya. Naomba mnaosafisha mziangalie sensa. Ile sensa ya kupima hewa karibu na eya klina isipigwe dawa ya kabureta, ina nyaya nyembamba kuliko unywele. Ina dawa yake. Na throto za umeme msizisukume kipepeo kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, gia zake ndogo za plastiki zinavunjika meno. Nusu ya kazi zinazonijia zikiitwa "baada ya kusafishwa" ni hizo mbili.

#33 Dereva wa Kitonga

Na zibeni matundu ya silinda hedi muda wote manifoldi ikiwa chini! Mwaka fulani gereji moja Morogoro waliacha wazi wakaenda kula. Wakafunga, wakawasha, ikasikika kama mtu anapiga debe. Nati moja ya milimita kumi ilikuwa imeingia. Pistoni moja na vali mbili zilikwenda, nikakaa nyumba ya wageni siku nne nikisubiri vifaa kutoka Dar. Tambara safi kila tundu, na uhesabu matambara: manne yameingia, manne yatoke.

#34 Mzee wa Foleni

Dereva, pole sana. Sisi tuliziba kwa soksi za mtoto wangu. Nimezihesabu zote.

#35 Babu Sindano

Mafuta ya taa yale machafu mliyamwaga wapi? Nauliza kwa sababu nyuma ya gereji za mtaani kwetu kuna kisima.

#36 Mzee wa Foleni

Yako kwenye galoni, Babu. Fundi anasema kuna anayekuja kununua oili chakavu, ila hii imechanganyika na mafuta ya taa na sabuni, simjui atakayeitaka. Mwenye wazo aseme.

#37 Mzee wa Foleni

Wiki tano baadaye, kilomita 1,300. Nimechomoa hozi ya eya klina leo. *Kabla* ya kipepeo pamekauka, kidole kimetoka na vumbi tu. *Baada* ya kipepeo kuna utando mwepesi wa oili, unang'aa, haujatuama. Dipstiki imeshuka, sasa iko katikati ya alama mbili. Haimisi.

#38 Pwani ya Likoni

Kabla ya kipepeo pamekauka, basi ni PCV. Gesi sasa yapita njia yake.

#39 Dada wa Altezza

Au oili haizidi tena kwa hiyo hakuna povu.

#40 Mkongwe Ilala

Na hiyo iliyoshuka dipstiki imekwenda wapi? Kilomita 1,300 tu. Kapime kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa. Andika namba nne. Kisha kijiko kidogo cha oili kwa kila silinda, upime tena. Zikipanda ni ringi, zisipopanda nitanyamaza.

#41 Spana Kumi

Hapo namuunga mkono Mkongwe. Utando mwepesi baada ya kipepeo ni kawaida kwa gari lolote lenye PCV, usiuhangaikie. Kushuka kwa dipstiki ndiko kwa kufuatilia. Weka alama kwa kalamu, upime kila Jumapili asubuhi gari likiwa limepoa, mahali pale pale, maana sakafu ikiinama kidogo usomaji unabadilika.

#42 Babu Sindano

Na kama namba zikipanda, usikimbilie ovahoo kabla hujajaribu kulainisha ringi. Kuna watu wanamimina dawa kwenye silinda inalala usiku kucha. Mimi niliona ikifanya kazi kwenye Carina moja, kwenye nyingine haikusaidia kitu.

#43 Mzee wa Foleni

Mashine ya kupimia kompresheni nimepata ya kuazima Jumamosi. Nitaweka namba zote nane hapa, kavu na zenye oili.

#44 Mgeni Tabora

Wakuu samahani kuingilia. Nina Raum, nimefungua mfuniko wa oili nikakuta kitu cheupe kama mtindi kwa chini. Na hiyo ni PCV?

#45 Dada wa Altezza

Mgeni, unaendesha umbali mfupi mfupi? Maji ya rejeta yanapungua? Jibu hayo mawili kwanza.